Godoro la Nyumba ya Magurudumu na Bei Yake

Mtu aendaye dukani kununua godoro la nyumbani huuliza limejazwa nini na bei yake ni kiasi gani, akajibiwa, akalipa, akaenda zake. Walakini yule atafutaye godoro la nyumba ya magurudumu, yaani lile tela au gari kubwa lenye jiko, choo na malazi ndani yake, ambalo Wamarekani hulifanyia safari za kiangazi na ambalo baadhi ya wazee wao waliostaafu wamelifanya makao ya mwaka mzima, huulizwa yeye kwanza kabla hajapata nafasi ya kuuliza, na aulizwalo ni vipimo. Urefu ni inchi ngapi? Upana je? Kona za miguuni ni za mraba au zimeviringwa? Chini ya kitanda mna sanduku la kufunguliwa au hamna? Asipokuwa na majibu hurudishwa alikotoka akachukue utepe. Nami naona kwamba katika maswali hayo imo sababu kubwa ya bei, kwa kuwa mnunuzi wa godoro la namna hii halipii pamba wala mpira wala waya kwanza, bali hulipia kipimo, na kipimo chenyewe hakikuwekwa na mtu alalaye. Kiliwekwa na barabara.

Chombo cha safari na kitanda vimekuwa na ugomvi tangu zamani, na aghalabu kitanda ndicho kilichoshindwa. Katika habari za Marekani najua mara moja tu ambapo kitanda kilishinda, nayo ni habari ya George Pullman, ambaye mwaka 1859 alibadili mabehewa machache ya reli ya Chicago na Alton yawe ya kulalia, akatoza senti 50 kwa kitanda kwa usiku mmoja. Mabehewa hayo yalikuwa na dari la chini, na vitanda vya juu vilibana mno. Pullman hakuridhika, akaunda behewa jipya lililoitwa Pioneer, likakamilika mwaka 1865 kwa gharama ya takriban dola 20,000, behewa pana na refu kwa kimo kuliko yote yaliyokuwapo, ili kitanda cha juu kipate kufungwa kwa bawaba ukutani na kukunjwa mchana pamoja na matandiko yake. Behewa lilipokwisha ilionekana kwamba madaraja na majukwaa ya stesheni hayakuliruhusu kupita. Mtu mwingine angalilikata behewa. Bali hapa yaliyokatwa ni majukwaa. Reli ilikitii kitanda kwa sababu mwenye kitanda na wenye reli walikuwa na faida moja, na abiria walilipa nyongeza ya nauli kwa ajili ya raha hiyo. Mwenye gari la barabarani hana ubavu wa kuiamuru barabara ipanuke, na hilo ndilo lililotofautisha msafiri wa reli na huyu tunayemzungumza.

Miaka 20 baada ya Pioneer, upande wa pili wa bahari, daktari mmoja Mskoti aitwaye William Gordon Stables, aliyekuwa tabibu wa manowari za Uingereza na ambaye katika ujana wake alitumika pwani ya Msumbiji katika manowari iliyokuwa ikiwinda majahazi ya watumwa, aliagiza katika karakana za magari za Bristol gari la kukokotwa na farasi wawili, lenye urefu wa futi 18, akaliita Wanderer. Hili huhesabiwa kuwa miongoni mwa magari ya kwanza yaliyoundwa kwa makusudi ya matembezi ya anasa, si kwa tijara wala kwa uhamaji wa watu wasio na makao. Mwaka 1885 daktari aliondoka nalo kusini mwa Uingereza akaenda hata Inverness, kaskazini ya Uskoti, safari ya zaidi ya maili 1,000, akiwa na mtumishi, mwendesha farasi, mbwa na kasuku. Sebuleni mlikuwa na vitabu na ala za muziki. Lakini ulipofika wakati wa kulala, bwana mwenye gari alijinyoosha juu ya kochi la sebule hiyo hiyo, mtumishi akalala jikoni, na mwendesha farasi akaenda kutafuta malazi katika nyumba ya wageni pamoja na wanyama wake. Gari lilikaribia tani mbili, na farasi huhesabu kila ratili. Mtu aliyeweza kuajiri watumishi wawili hakuweza kujipatia kitanda cha kudumu, kwani kitanda cha kudumu hula sebule, na sebule ndiyo iliyokuwa fahari ya safari yenyewe.

Wakati huo huo godoro la nyumbani lilikuwa likipitia mageuzi yake. Katika mji wa Kenosha, jimbo la Wisconsin, Zalmon Simmons alianza katika miaka ya 1870 kutengeneza kwa mashine vitanda vya waya uliofumwa, na bei ya kitu hicho, ambayo mwaka 1876 ilikuwa dola 12, ikashuka hata senti 95 ilipofika mwaka 1889. Ni nadra kupata mfano bora kuliko huu wa nguvu ya mashine: kilichokuwa tunu ya tajiri kikawa mali ya kila fundi. Lakini mashine hupenda kitu kimoja kirudiwe mara elfu bila kubadilika. Mwenye kutaka inchi tano pungufu huikatiza kazi yake, naye hutozwa fidia ya kuikatiza. Sharti hilo halikuandikwa mahali popote, lakini limetawala biashara hii mpaka leo.

Kisha kampuni ya Simmons ikaufuata mkondo wa pili, wa kupandisha thamani badala ya kushusha bei. Mnamo 1925 ililitoa sokoni godoro la Beautyrest, ambalo kila springi yake ilishonewa katika kijifuko chake cha nguo ili mmoja akigeuka mwenzake asitikiswe, ikaliuza dola 39 na senti 50. Mwaka huo gari la Ford la Model T lenye viti vya watu watano liliuzwa dola 290, kwa hiyo mtu aliyenunua magodoro manane ya namna hiyo alikuwa amekwisha kupita bei ya motokaa. Watu walinunua vivyo hivyo. Hapo ndipo Wamarekani walipoanza kuzoea rai kwamba usingizi ni kitu cha kugharimiwa, na mtu akiisha kuizoea rai hiyo nyumbani kwake, huichukua pamoja naye aendapo safarini.

Na safari zilikuwa zimekwisha kuanza. Mwaka 1919 wasafiri wa motokaa waliokusanyika katika bustani ya De Soto, mjini Tampa, jimbo la Florida, waliunda chama walichokiita Tin Can Tourists, yaani Watalii wa Makopo, kwa kuwa chakula chao kilikuwa cha makopo, wakajitambulisha kwa kufunga kopo juu ya rejeta ya gari. Hao walilala katika mahema yaliyofungwa ubavuni mwa gari, au juu ya viti vilivyolazwa, au juu ya vitanda vya kukunjwa vya turubai. Hapakuwa na haja ya kuuliza bei ya godoro, kwani godoro lilikuwa ni blanketi lililokunjwa mara mbili na ubao chini yake. Na sidhani kwamba walilalamika sana, maana msafiri wa siku hizo alipima raha kwa umbali aliokwenda.

Lililowabadili ni mvua. Arthur Sherman, mtaalamu wa vijidudu katika jimbo la Michigan, alitoka kutembea na jamaa zake mwaka 1929 akiwa amenunua tela lenye hema la kusimamishwa, ambalo muuzaji alisema lingesimama kwa dakika chache, nayo mvua ikawanyeshea wote huku wakihangaika nalo. Aliporudi akaunda tela lenye kuta ngumu, mfano wa kasha, akaliita Covered Wagon, akalipeleka katika maonyesho ya motokaa ya Detroit mnamo Januari 1930, akaliuza kwa takriban dola 400. Zilikuwa siku za dhiki kuu ya uchumi, na bado wateja walikuja. Wakati huo, huko California, Wally Byam, ambaye utotoni mwake alichunga kondoo akilala katika kigari kidogo cha kukokotwa na punda, alikuwa akiuza michoro ya tela la kujiundia mwenyewe. Mwaka 1931 akaanzisha Airstream, na mwaka 1936 akatoa tela la bati la alumini liitwalo Clipper, lenye taa za umeme, maji yake lenyewe na nafasi ya watu wanne kulala, kwa dola 1,200.

Tusimame kidogo hapa, tukitazame kitanda cha tela la namna hii, maana ndipo asili ya kila taabu ya mnunuzi wa leo. Mchana hapakuwa na kitanda. Palikuwa na meza ya kulia na viti viwili virefu vilivyokabiliana, kila kimoja kina takia la kukalia na takia la kuegemea. Usiku meza ilishushwa ikakaa sawasawa na viti, matakia manne yakapangwa juu yake yakizibana nyufa, na hayo ndiyo yaliyokuwa godoro. Mlalaji alizijua nyufa hizo kwa mgongo wake, na kwa kuwa takia lilipaswa kwanza kuwa kiti, lilikuwa gumu zaidi ya linavyopasa godoro kuwa, na jembamba zaidi, ili magoti ya mwenye kukaa yasiinuke kuliko meza. Kisha urefu wa kitanda ulikuwa urefu wa meza na viti viwili, wala si urefu wa mtu. Seremala aliyekipima alisimama ndani ya tela akiwa na utepe mkononi, akahesabu kutoka ukuta hadi mlango wa choo, na kilichosalia ndicho alichokiita kitanda.

Mtabiri wa mambo ya uchumi, Roger Babson, alitamka mwaka 1936 kwamba katika miaka 20 nusu ya Wamarekani wangekuwa wakiishi katika matela. Hawakuishi. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili matela yaliongezeka na kurefuka, na vyumba vya kulala vyenye mlango na kitanda cha kudumu vikapatikana ndani yake, na papo hapo ugomvi wa zamani ukarudi kwa sura mpya, kwani urefu ulikuwa rahisi kuongezwa lakini upana haukuweza. Sheria za barabara za Marekani kwa miaka mingi zilikataza gari kuzidi inchi 96 za upana, yaani futi 8, na ingawa katika miaka ya 1980 njia kuu zilifunguliwa kwa magari ya inchi 102, kuta za mbao na vitambaa vya kuzuia baridi hula sehemu ya nafasi hiyo kila upande. Huko majumbani, kitanda cha watu wawili kilichopendwa zaidi baada ya vita kikawa kile cha inchi 60 kwa 80. Mtu akikiweka kukingama ndani ya gari, miguu na ukuta vyagusana na njia ya kupita inapotea. Mafundi wakakata inchi 5. Kikawa 60 kwa 75, na hicho ndicho kitanda kifupi kilichoenea mno katika matela ya Marekani hadi leo, ingawa kila kiwanda kina vipimo vyake vya pembeni, na vingine vina kona za miguuni zilizoviringwa ili mtu apitaye gizani asijigonge paja.

Ajabu yake ni kwamba kipimo hiki, ambacho huko ni cha kukatwa na cha kuagizwa, hapa kwetu kingekuwa cha kawaida kabisa: hakiachani sana na lile tuliitalo godoro la tano kwa sita, ambalo Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam huliona limesimamishwa mlangoni mwa duka likiwa limevikwa nailoni, na ambalo mtu hulifunga juu ya bajaji akaenda nalo bila kuulizwa swali lolote. Kwa hiyo ughali hauko katika inchi zenyewe. Uko katika kule kutofautiana na inchi za jirani. Na katika nchi ambayo viwanda hushona godoro la upana huo kwa urefu wa 80, mwenye 75 ni mgeni hata kama anatumia nguo kidogo zaidi na sponji pungufu.

Viwanda vya magari havikuwa na haja ya kujitaabisha na jambo hilo. Winnebago, kampuni ya Forest City katika jimbo la Iowa, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kujitengenezea yenyewe samani zinazolingana na ufinyu wa matela yake, na ilipoanza mwaka 1966 kuunda magari yenye injini na nyumba juu yake, kwa mpango wa kazi ya mfululizo na kwa bei iliyowashinda washindani wake, kila kitu cha ndani kilikuwa kimekwisha kupimwa pamoja. Kwa mwenye kununua gari jipya neema hii ilikuwa kubwa. Kwa yule ambaye miaka kumi baadaye godoro lake limebonyea katikati, haikuwa neema, maana sasa alikuwa na kitanda ambacho hakifanani na kingine chochote isipokuwa vya kiwanda kile. Fauka ya hayo, godoro litokalo kiwandani pamoja na gari huwa jembamba, inchi 4 au 5 za sponji nyepesi, kwa sababu ambayo si siri: mtu aendaye kwenye maonyesho ya magari hufungua majokofu, hukagua madirisha, huwasha jiko, wala havui viatu akalala nusu saa mbele ya muuzaji. Kiwanda hakilaumiki kwa kupunguza pale ambapo mteja hatazami. Nami nasema mteja ndiye wa kulaumiwa.

Sponji ndiyo iliyowaokoa wenye magari haya. Povu la mpira lilipatikana Uingereza mwaka 1929 katika kampuni ya Dunlop; kemia wa Kijerumani Otto Bayer na wenzake wakavumbua mwaka 1937 njia ya kutengeneza plastiki ambayo baada ya vita iliumuliwa ikawa sponji laini, nayo katika miaka ya 1950 na 1960 ikaingia kila samani. Godoro la springi haliwezi kukatwa. Ukilikata umekata mifupa yake. Sponji hukatwa kwa kisu cha mkate. Mwenye gari aliweza kununua kipande cha kipimo cha nyumbani, akakiweka sakafuni, akachora kona kwa kalamu ya wino, akakata, akashona foronya, akalala. Na hata leo wako wafanyao hivyo. Mwaka 1966 sponji izamayo taratibu na kurudi taratibu ilibuniwa kwa ajili ya viti vya marubani katika kituo cha utafiti cha shirika la anga la Marekani, NASA, na tangu mwanzo wa miaka ya 1990 ilipoanza kuuzwa kama godoro, imekuwa mshindani mkubwa wa springi barabarani, ingawa ina ila mbili: ni nzito, na katika gari lililolala baridini huwa ngumu mfano wa ubao mpaka mwili uipashe moto.

Msafara mmoja wa nyumba hizi ulipita katika bara letu. Mwaka 1959 Wally Byam, mzee wa zaidi ya miaka 60, aliongoza matela 41 ya Airstream yenye watu 106 kutoka Cape Town kwenda Cairo. Walipita Kenya, wakafika Addis Ababa ambako Mfalme Haile Selassie aliwapokea, na hatimaye wakapiga picha mashuhuri karibu na mapiramidi ya Giza. Walivuka mito isiyo na madaraja na kukwama katika matope, vyuma vya magari vikivunjika vikiungwa njiani, na usiku kila mmoja alipanda kitandani mwake, kitanda kile kile alichokipanda kwao Marekani. Naamini hilo ndilo lililowalipa gharama zao, kuliko mapiramidi.

Wako pia wasafiri ambao hawakuchagua kulala garini, nao ni madereva wa malori, ambao miongoni mwao huko Marekani na Kanada leo wamo pia wasemao Kiswahili. Kwa hao serikali ya Marekani ilipima kitanda kwa sheria: lori lililoundwa kabla ya mwaka 1953 lilitosha kuwa na malazi ya urefu wa inchi 72 na upana wa 18, upana ambao ni wa rafu kuliko wa kitanda, baadaye yakawa 75 kwa 21, na tangu mwisho wa Septemba 1975 ni 75 kwa 24. Sheria hiyo hiyo yasema kwamba godoro likiwa la sponji au povu la mpira lisipungue inchi 4 za unene. Wenye nyumba za magurudumu hawana sheria ya kuwalindia migongo; wana soko tu.

Na soko la siku hizi, kwa makadirio, liko hivi. Sponji ya kawaida ya inchi 5 au 6, katika kipimo cha 60 kwa 75, hupatikana kwa dola 150 hadi 300. Ile izamayo taratibu, ya inchi 8 hadi 10, ni baina ya 250 na 600. Springi zilizochanganywa na sponji, au mpira halisi, huanzia 600 na kupita 1,000. Na likikatwa kwa kona zake maalumu au likatiwa bawaba katikati ili sanduku la chini lifunguke, nyongeza ni ya fundi. Anayenunua kwa ajili ya wiki mbili za kiangazi asivuke daraja la kwanza ila kwa kupenda. Anayeishi humo mwaka mzima asilikubali daraja hilo hata akipewa bure. Na kabla ya kulipa, pima ubao wa kitanda wenyewe, usipime godoro kuukuu lililokwisha kutanuka, kisha pima na kimo kutoka ubaoni hadi kabati la juu, kwa sababu godoro nene la dola 900 lisilokuacha kuketi kitandani halirudishwi kwa urahisi.